Kipindi cha Mwisho cha Stesheni ya Shaldanga

Nitalisema hili mara moja, na atakayelia alie mwenyewe, mimi yangu nilishayamaliza. Mwanamume niliyempenda kuliko nafsi yangu alinisaliti mchana kweupe, kwenye kipaza sauti, mbele ya watu mia nne, na hao watu mia nne wakampigia makofi. Shangazi yangu naye alipiga. Kisha akakumbuka ni habari za nani zinazosimuliwa, akairudisha mikono yake mapajani.

Mdahalo wenyewe, ukitaka kujua, ulikuwa wa kubishania mchezo wa televisheni. Mada iliandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kitambaa juu ya jukwaa: Stesheni ya Shaldanga ndiyo tamthilia bora kuliko zote zilizowahi kuoneshwa. Mgeni atacheka. Lakini mjini kwetu Mymensingh watu wananuniana mwaka mzima kwa jambo hilo. Enzi hizo nchi nzima ilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni, na kila Jumanne baada ya taarifa ya habari barabara zilikuwa tupu, waendesha riksho wamejazana kwenye madirisha ya watu, na aliyepanga harusi siku hiyo alikula wali wake peke yake. Malati, binti wa stesheni masta, alikuwa akisubiri treni ambayo haisimami Shaldanga, na ndani ya treni hiyo alikuwemo mtu wake. Kipindi cha mwisho kilikuwa cha kujua kama treni itasimama. Mpaka leo wapo wanaoapa kwamba ilisimama, na wapo wanaoapa kwamba ilipunguza mwendo tu. Hao wakikutana kwenye kibanda cha chai, hakuna anayewahi nyumbani.

Mimi sijui. Nilikuwepo, nilikuwa na miaka saba, na mwisho wake sikuuona.

Ishrak alikuwa kiongozi wa timu ya mdahalo ya chuo cha wavulana, mimi wa chuo cha wasichana. Tulijuana miaka miwili kabla, walipotushinda nusu fainali kwa alama mbili. Matokeo yalipotangazwa alinifuata na vikombe viwili vya chai ya maziwa mazito, akaanza kunieleza nilipokosea. Hebu fikiria, mtu amekushinda na bado anakufuata. Nilimchukia wiki nzima. Wiki ya pili nikajikuta nimesimama palepale penye chai, nimepaka wanja, namsubiri aje aniambie nimekosea wapi tena.

Alikuwa na tabia moja iliyonimaliza kabisa. Kabla ya kufungua kinywa jukwaani alinitafuta kwa macho, akanitazama kwa sekunde moja, ndipo akaanza kusema, hata kama alikuja kunibomoa. Wenzangu walinifinya chini ya meza. Mimi hoja zote nilizokariri usiku kucha zilinitoka. Nadhani nusu ya ushindi wake juu yangu aliupata kwa sekunde ile.

Nyumbani hawakumtaka. Niseme kweli, aliyemkataa hasa ni Shangazi Monowara, dada mkubwa wa baba, aliyeishi nasi tangu awe mjane na ambaye ndiye mwenye sauti ndani ya nyumba. Kwanza kijana hana baba. Pili mama yake ni mshona nguo. Tatu anasubiri matokeo ya mtihani wa kazi ya serikali, na wanaoyasubiri hayo wengine wameota mvi. Lakini kubwa lilikuwa mdomo wake. Shangazi alikuwa akitafuna paan, tambuu ya kwetu, anatema, anasema:

"Huyo kazi yake ni kusema. Siku mkikosa mchele atakushindia hoja mpaka ushibe."

Nikimjibu kwamba Ishrak ni mpole, aliniambia mwanamume asiyeshindwa ubishi hafai kukaa ndani, maana mke naye lazima apate siku ya kushinda. Nilicheka wakati ule. Siku hizi nikilikumbuka neno hilo sicheki.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache. Baada ya miezi mitatu ya kelele za dada yake alitoa uamuzi mmoja. Angekwenda kwenye fainali, akae nyuma kama mtazamaji mwingine yeyote, amwone kijana akiwa hajui kwamba anaangaliwa. Akimpenda, watu wa Ishrak wangeruhusiwa kuja kuleta posa. Asipompenda, nisilitaje jina hilo tena chini ya paa lake.

Nami, mjinga wa mapenzi, nilikwenda mbio kumwambia Ishrak. Nikamwambia baba atakuwepo, atakaa nyuma, amevaa kizibao cha kijivu. Nikamwambia ashinde, kwa sababu baba anampenda mtu anayemaliza hesabu yake. Hayo niliyasema kwa kinywa changu mwenyewe. Nayaweka hapa usije ukasema nimejificha.

Sasa sikiliza kilichotangulia, maana ndicho kilichoniua.

Siku mada ilipotangazwa, siku tisa kabla ya fainali, nilimwambia Ishrak kwamba najitoa. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za nyuma ya maktaba ya mji, katikati yetu singara, sambusa zetu za viazi, za moto kwenye karatasi ya daftari. Alicheka, akidhani naogopa kushindwa. Alipoona sicheki akauliza kwa upole kuna nini. Nikamwambia. Sikuwahi kumwambia mtu mwingine yeyote, hata rafiki zangu niliolala nao kitanda kimoja.

Nilimwambia habari za Tuhin, mdogo wangu, wa mwaka mmoja na nusu. Wakati huo tuliishi kijijini, ng'ambo ya mto Brahmaputra, na televisheni ya kwanza kijiji kizima ilikuwa yetu. Ilitumia betri ya gari, na betri ilipelekwa sokoni kuchajiwa, ikatunzwa kwa ajili ya Jumanne tu. Jioni ya kipindi cha mwisho baba alikuwa Dhaka akisahihisha mitihani. Majirani walijaa uani, wamekaa mpaka kwenye ngazi. Mama alikuwa jikoni akichemsha chai ya watu wote hao, kwa sababu mwenye televisheni ndiye mwenye wageni, na mke wa mwenye televisheni haoni hata dakika moja ya mchezo. Alinipa Tuhin, akasema nimshike, nisimwachie.

Nilimshika. Kisha Malati akatoka na taa mkononi, watu wa mbele wakasimama, wakaniziba. Palikuwa na kigoda. Ili nipande juu ya kigoda ilinibidi nimwachie mkono.

Bwawa letu lilikuwa nyuma ya jikoni. Mama ndiye aliyemkuta.

"Kabla watu hawajafika bwawani mama alinishika mabega," nilimwambia Ishrak. "Akasema, wewe ulikuwa jikoni na mimi, unasikia? Ulikuwa jikoni. Watu walipofika akawaambia alikuwa uani na mtoto, anaangalia mchezo, akamsahau. Palikuwa na giza, kila mtu macho mbele. Nani angejua nani alikaa wapi?"

"Kwa nini alisema hivyo?"

"Kwa sababu mimi ni wa kike. Aliniambia mara moja tu, nilipokuwa mkubwa. Mama akizembea atasemwa, basi. Lakini msichana aliyemwachia ndugu yake akafa, nani atakuja kumposa?"

Nikamwambia na yaliyobaki. Kwamba baba hakumpiga mama, hakumtukana wala hakumwacha. Aliacha tu kumwita. Nilipozaliwa mimi, mama aliitwa Mama Jhumu. Alipozaliwa wa kiume, kama ilivyo kwetu, jina likahamia kwake, akawa Mama Tuhin. Baada ya bwawa, baba hakulitamka jina hilo tena, na kwenye langu hakurudi. Akimtaka alisema "sikia". Miaka kumi na minne mama yangu ameitwa Sikia ndani ya nyumba yake. Na ile televisheni tulihamia nayo mjini. Iko sebuleni, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mama, haijawashwa tangu siku ile, na kila Ijumaa mama anaifuta vumbi.

Ishrak alilia. Kumsingizia mtu ni dhambi, alilia mpaka singara zikapoa. Akanishika vidole kwa mara ya kwanza tangu tujuane, akasema, "Jhumu, hili limeingia kwangu na halitoki. Nimelizika."

Akanibembeleza nisijitoe. Kura ilikuwa imetupa sisi upande wa kupinga, akasema nimepewa nafasi ya kuukataa mchezo ule mbele ya mji mzima, niitumie. Nikamwamini. Akanipa saa yake ya kuhesabia dakika, ile anayofanyia mazoezi, niende nayo nyumbani. Nililala nayo chini ya mto siku zote tisa, kama mtu aliyevishwa pete.

Siku ya fainali, baada ya sala ya Ijumaa, mama alitoka chumbani amevaa sari yake ya kijani, ile ya harusi za watu. Sote tulishangaa. Mama hakuwa mtu wa kwenda penye watu. Shangazi akamuuliza anakwenda wapi, na televisheni haijafutwa. Mama akanigeukia. Aliniambia mimi, taratibu, kwamba kabla hajampa mtu binti yake anataka kumwona uso. Baba alimtazama, hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mama akapanda riksho ya pili pamoja nami, na njia nzima alikuwa akininyoosha mikunjo ya sari begani.

Ukumbi ulijaa. Baba alikaa nyuma kabisa. Mama na shangazi walipata viti upande wa wanawake, safu ya tatu. Mdahalo ulianza vizuri, watu walicheka. Msemaji wetu wa kwanza, binti mfupi anayeitwa Lubna, alisema kuusifia mchezo wa enzi ya kituo kimoja ni sawa na kumsifia mpishi kwenye kijiji chenye jiko moja. Watetezi wakajibu kwamba siku hizi kuna vituo mia na bado watu wanasinzia. Mzee mmoja katikati ya ukumbi alipiga kelele kwamba treni ilisimama, mwingine akamwambia akapime macho, msimamizi akagonga meza. Nilimwona mama anatabasamu. Sikumbuki lini nilikuwa nimeona meno yake.

Kisha Ishrak akasimama.

Hakunitafuta. Nilimsubiri anitazame kwa ile sekunde moja, nimeshaandaa uso wangu, na macho yake yakapita juu ya kichwa changu mpaka nyuma ya ukumbi, kwenye kizibao cha kijivu. Hapo ndipo nilipaswa kujua.

"Mheshimiwa msimamizi," alisema, "wenzetu wanauliza ubora unapimwaje. Wametaja tuzo, wametaja idadi ya watazamaji. Mimi nitawapa kipimo kingine."

Akashusha sauti. Alijua kuishusha, watu wakainama mbele ili wamsikie.

"Usiku wa kipindi cha mwisho, katika kijiji kimoja si mbali na mto wetu huu, palikuwa na mama. Ana mtoto wa kiume mapajani, wa mwaka mmoja na nusu. Malati alipotoka na taa yake, mama yule alimsahau mwanawe. Mtoto akashuka, akaenda zake bwawani, na mama hakugeuza shingo. Nionesheni mchezo mwingine wowote, wa jana au wa leo, wa kwetu au wa ng'ambo, uliowahi kumfanya mama amsahau mtoto wa tumbo lake. Mkiuonesha, mimi nitaketi, na kombe chukueni."

Makofi yakaanza.

Nilikuwa nimeshika kalamu, sikuweza kuiachia. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nikilisema neno hilo tangu utotoni bila kujua lina uchungu gani. Nilimgeukia mama. Hakulia. Alivuta upindo wa sari akafunika kichwa, akaketi wima, kama mtu anayesomewa kesi ambayo hukumu yake anaijua. Miaka kumi na minne alikuwa amesemwa na jirani mmojammoja. Leo alikuwa amesemwa na mji wote, na aliyempeleka pale ni mimi. Nyuma, baba alikuwa amenyanyuka nusu kwenye kiti. Akakaa tena.

Kiongozi wa upande wa kupinga hupewa dakika tatu za kujibu. Lubna alinisukumia karatasi, amenitayarishia hoja sita. Niliziona herufi, sikuweza kuzisoma. Nilikuwa nafanya hesabu moja tu. Nikinyamaza, siri yangu ingebaki salama, posa ingekuja, ningeolewa na Ishrak, na mama angeendelea kubeba alichokizoea. Nikisema, hakuna mwanamume katika mji ule ambaye mama yake angemruhusu kunioa, na baba angeanza kunitazama mimi kama alivyomtazama mama. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilitaka kuolewa. Nilimtaka yeye, hata dakika ile, na hilo ndilo lililonitia aibu kuliko yote.

Nilibonyeza saa yake, nikasimama.

"Mheshimiwa msimamizi, sheria ya mdahalo inasema mfano ukitolewa uwe wa kweli. Mfano wa kiongozi wa watetezi ni wa uongo."

Majaji wakainua kalamu. Ishrak akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona ameogopa. Alitikisa kichwa kidogo, akinisihi nisiendelee.

"Mama yule hakuwa akiangalia mchezo. Hakuuangalia hata Jumanne moja. Alikuwa jikoni, anawachemshia chai waliokuja kuuangalia. Mtoto alimkabidhi kwa dada yake wa miaka saba, akamwambia amshike. Dada alitaka kuona kama treni itasimama, akapanda juu ya kigoda, akamwachia mkono. Mama aliwaambia watu ni yeye aliyesahau. Alidanganya ili siku moja yule dada aweze kuolewa."

Kengele ya kwanza ililia. Nilisikia viti vikilalamika huku na huku.

"Najua hayo kwa sababu dada ni mimi. Na kiongozi wa watetezi anayajua kwa sababu nilimsimulia mimi mwenyewe, siku tisa zilizopita, yote, kama nilivyoyasema hapa. Alijua nani alikuwa jikoni."

Kengele ya pili. Hiyo ni ya kuketi. Sikuketi.

"Mama, nisamehe," nilisema, nikiwa nimesahau msimamizi na mada. "Nilikuwa naogopa. Nimeogopa kila siku. Ulipokuwa ukiifuta ile televisheni nilikuwa nakuona, nanyamaza."

Kengele ya tatu ililia kwa nguvu, msimamizi akanyoosha mkono. Nikasema neno la mwisho kuhusu mada, kwamba mchezo ule sikuuona mwisho wake, na anayeujua asiniambie. Hakuna aliyepiga makofi. Lubna alikuwa akilia kwenye karatasi ya hoja zake.

Walishinda. Mimi nilipitisha muda, nikakatwa alama tano, nao wakatushinda kwa alama moja na nusu. Ishrak akatangazwa msemaji bora. Sina kinyongo na majaji, sheria ni sheria.

Alinikuta kwenye baraza ya nje, ubavuni mwa ukumbi, kombe mkononi. Lilikuwa kubwa, hakujua aliweke wapi.

"Jhumu."

"Hongera."

"Usiniambie hongera. Sikukutaja. Sikutaja kijiji, sikutaja jina la mtu. Nilikuficha wewe, ndiyo maana nikasema mama."

"Ulijua mama alikuwa jikoni."

"Nilijua. Lakini dada wa miaka saba..." Akasita. Nilimwona anachagua kati ya kunidanganya na kuniambia kweli, na kwa bahati mbaya akachagua kweli. "Dada wa miaka saba hana uzito. Mtoto kusahau ni jambo la kila siku. Mama kusahau, hiyo ndiyo hoja."

Alijisikia mwenyewe alichosema. Uso ulimbadilika, akataka kulirudisha, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

"Nilitaka baba yako anione nikishinda," akasema haraka. "Wewe ndiye uliyeniambia. Niliogopa, Jhumu. Mimi sina baba, sina kazi, nina mdomo tu. Na sikujua mama yako atakuja. Naapa sikujua."

"Kwa hiyo angekuwa nyumbani anafuta vumbi, ingekuwa sawa."

Miaka miwili nilikuwa nikiomba Mungu nipate siku moja ya kumwacha Ishrak bila jibu, na siku yenyewe ilikuwa hiyo. Niliona macho yake yamejaa, nikaona kifungo cha mkono wa shati kimelegea, kile nilichokuwa nimepanga kumshonea, na moyo wangu mpumbavu ulitaka kumwonea huruma palepale.

Akasogea. "Watu wote wamekusikia. Unajua hakuna atakayekuja kwenu sasa. Mimi nitakuja. Kesho, mama yangu na mimi. Nitakuoa."

"Kwa huruma?"

"Kwa kuwa nakupenda."

"Mimi pia nakupenda," nilimwambia. "Nataka ulijue hilo, kwa sababu ni kweli, na mimi sitoi mifano ya uongo. Nilikupenda mpaka nikakupa kitu ambacho mama yangu alikifunika kwa maisha yake yote. Ukakiangalia, ukaona kina alama ngapi. Sasa nikikuzalia watoto, Ishrak, nitakuwa nalia chumbani kwangu, nageuka nakuangalia, najiuliza kilio hiki utakitumia lini."

Nikampa saa yake. Nilikuwa nimesahau kuizima, bado ilikuwa inahesabu tangu niliposimama jukwaani. Aliipokea, akabonyeza kuisimamisha, na kwa mazoea tu akaangalia imesoma ngapi. Kisha akagundua nimemwona akiangalia. Hakuinua tena uso wake.

Niliondoka. Sikugeuka nyuma, na msinisifie kwa hilo, nilikuwa nimeuma mdomo mpaka damu. Kutoka pale barazani mpaka getini ni kama hatua hamsini, na kila hatua nilisubiri aniite. Angeniita, sijui ningefanya nini. Hakuniita.

Getini watu walikuwa wengi, wanagombania riksho, na waliponiona wakapunguza sauti. Mwanamke mmoja alimvuta binti yake karibu. Nikajua imeanza. Shangazi Monowara alikuwa amesimama kando ya riksho mbili alizokodi baba, paan iko shavuni, hatafuni. Miaka yote ile ndiye aliyekuwa akimwekea mama chumvi kwenye kidonda, na sasa alikuwa akitazama ardhi kana kwamba amedondosha kitu. Nilisimama mbali nao. Sikuthubutu kusogea.

Baba aliniona. Alinitazama kwa muda mrefu, nami nikautazama uso wake nikitafuta ule ubaridi niliouzoea kuuona ukimwendea mama, nikijua kwamba sasa ni zamu yangu, na kwamba ni haki. Midomo yake ilikuwa ikitetemeka. Sikuwahi kumwona mwalimu wa hesabu akitetemeka midomo. Akanigeuzia mgongo, nikasema basi, imekwisha.

Lakini alikuwa amemgeukia mama. Mama alikuwa ametupa mgongo, mguu mmoja kwenye riksho ya nyuma, anakusanya upindo wa sari usije ukaingia kwenye gurudumu, na bado kichwa amekifunika.

"Mama Tuhin," baba alisema.

Mama akaendelea kukusanya sari yake.

Baba akasogea hatua moja. Akaanza upya.

"Mama Tuhin. Mwite Jhumu, twende nyumbani."

Mama aliushusha mguu chini. Akageuka, lakini hakumtazama baba. Alitazama kwanza nyuma yake, kwa wale wanawake waliosimama getini, aone ni nani kati yao anayeitwa.